Frederick Maytag: Muuza zana za kilimo aliyeulisha mji kwa mashine ya kufulia

Mfanyabiashara anayetegemea bidhaa ya msimu anaijua adha hii vizuri. Wakati wa mavuno wateja hujaa, mzigo hautoshi na fedha huingia kila siku. Mavuno yakiisha, duka hubaki na vumbi, vibarua hurudi makwao na mtaji huanza kuliwa kidogo kidogo hadi msimu mwingine ufike.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita adha hiyo ilimkabili Frederick Louis Maytag, mtu wa mji mdogo wa wakulima uitwao Newton, katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Hatua aliyoichukua ili kiwanda chake kisilale baada ya mavuno ndiyo iliyoufanya mji huo kuwa mashuhuri, na jina lake likabandikwa kwenye mashine zilizoingia katika mamilioni ya nyumba.

Mtoto wa wahamiaji

Maytag alizaliwa tarehe 14 Julai, 1857, karibu na mji wa Elgin katika jimbo la Illinois. Wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya Ujerumani waliokwenda Marekani kutafuta maisha. Yeye alikuwa wa kwanza kati ya watoto kumi. Alipokuwa bado mtoto, familia ilihamia Iowa, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa likijaa walowezi waliofuata ardhi yake nyeusi yenye rutuba.

Kama ilivyo kwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya mkulima, kazi za shamba zilimwangukia mapema na masomo yake yalikuwa machache. Lakini shamba lilimpa elimu ya namna nyingine. Alimjua mkulima, alijua anachohitaji, wakati anapokuwa na fedha na wakati anapokuwa hana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikwenda Newton, mji ulioko takriban kilomita 55 mashariki ya Des Moines, mji mkuu wa jimbo. Newton palikuwa makao makuu ya wilaya ya Jasper na tayari palikuwa na reli. Kijana huyo alianza kama mwajiriwa katika duka la kuuza zana za kilimo. Hakukaa muda mrefu kabla ya kununua sehemu ya duka hilo na kuwa mbia. Mwaka 1882 alimwoa Dena Bergman, wakajaliwa watoto wanne. Baadaye aliingia pia katika biashara ya mbao, bidhaa iliyokuwa ikitafutwa sana katika nchi ambayo kila mwezi watu walikuwa wakijenga nyumba na maghala.

Miganda, visu na mikono ya watu

Ili kuelewa jinsi muuza duka alivyokuwa mwenye kiwanda, hatuna budi kutazama jinsi nafaka ilivyokuwa ikipurwa siku hizo.

Ngano na nafaka nyingine zilikatwa na kufungwa miganda kwa kamba. Kisha ilikuja mashine kubwa ya kupura, iliyoendeshwa na injini ya mvuke kwa mkanda mrefu. Mashine hiyo ilihamishwa kutoka shamba moja hadi jingine pamoja na kundi la wafanyakazi wake. Mdomoni mwa mashine alisimama mtu mwenye kisu, akikata kamba ya kila mganda. Mwingine aliyatandaza mabua na kuyasukuma ndani kwa mikono. Kazi ilikuwa ya haraka, yenye vumbi na makelele, na mtu akichoka au akiteleza angeweza kupoteza vidole au mkono mzima.

George W. Parsons alibuni kifaa cha kufungwa mdomoni mwa mashine hiyo. Kifaa hicho kilikata kamba za miganda na kuilisha mashine chenyewe, bila mkono wa mtu kukaribia meno yake. Mwaka 1893 Maytag, Parsons na mashemeji wawili wa Maytag waliunda kampuni ya kukitengeneza. Kila mmoja alitoa dola 600, na mtaji wote ukawa dola 2,400.

Haukuwa mwaka mzuri wa kuanzisha jambo. Mwaka huohuo Marekani ilikumbwa na msukosuko mkubwa wa fedha, mabenki mengi yakafunga milango na bei za mazao zikaporomoka. Juu ya hayo, vifaa vya kwanza vilikuwa na kasoro. Mkulima ambaye mashine yake imekwama katikati ya mavuno hana subira, kwani mvua ikinyesha juu ya miganda, jasho la mwaka mzima limepotea. Malalamiko yakaja Newton.

Maytag hakuwa fundi. Alikuwa muuzaji, na ndiye aliyekutana uso kwa uso na wateja. Ilibidi kasoro zirekebishwe huko huko mashambani na kifaa kiboreshwe mwaka hadi mwaka. Somo hilo aliondoka nalo na kulishika maisha yake yote: bidhaa ikishauzwa bado ni mzigo wa aliyeiuza, na mteja aliyetendewa vibaya huwasimulia majirani zake wote. Hadi mwaka 1902, kiwanda cha Newton kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani katika utengenezaji wa vifaa vya kulisha mashine za kupura.

Kiwanda kisilale

Ndipo ile adha ya msimu ilipojitokeza waziwazi. Vifaa vya kupura huuzwa kabla ya mavuno na wakati wa mavuno. Miezi iliyobaki kiwanda kilikuwa na mafundi, mashine, mbao na chuma, lakini hakikuwa na kazi ya kutosha. Kuwaachisha mafundi kila mwaka na kuwatafuta tena ni hasara, maana fundi mzuri akiondoka huenda asirudi.

Maytag alihitaji bidhaa inayonunuliwa miezi yote kumi na miwili, na inayoweza kutengenezwa na mafundi walewale. Nguo huchafuka mwaka mzima. Katika nyumba ya mkulima siku ya kufua ilikuwa siku ya mateso. Mwanamke alichota maji kisimani, akayachemsha juu ya jiko la kuni au makaa, akasugua ovaroli zilizoganda matope juu ya ubao wenye mifereji, akazikamua kwa mikono na kuzianika, hata wakati wa baridi kali.

Si yeye aliyevumbua mashine ya kufulia. Zilikuwapo kabla yake, na katika Newton kwenyewe walikuwapo watu waliokuwa wakizitengeneza. Mwaka 1907 kiwanda chake kilitoa ya kwanza, ikaitwa Pastime. Ilikuwa pipa la mbao lenye mifereji kuta za ndani. Mtu alizungusha mkono wa chuma kwa nje, nao ukazungusha mti wenye vigingi uliozipigapiga nguo ndani ya maji. Bado ilikuwa kazi, ila mgongo na vidole vilipata nafuu.

Mwaka 1909, wabia wenzake wakiwa wamejitoa, kampuni ilichukua jina lake, ikawa Maytag Company.

Injini kwa shamba lisilo na umeme

Mafanikio yaliyofuata hayaelezeki bila kumtaja fundi mmoja, Howard Snyder. Maytag alimgundua mtu huyo, akamwamini na kumpa nafasi ya kujaribu mambo. Mwaka 1909 ilitoka mashine iliyoweza kuzungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini yoyote iliyokuwapo shambani. Waliiita Hired Girl, maana yake msichana wa kazi. Mwaka 1911 ikatoka ya umeme.

Lakini umeme ulikuwa wa mjini. Hata mwaka 1930, ni takriban shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lililokuwa limeunganishwa na umeme wa gridi. Makampuni mengi yaligombania wateja wa mijini. Maytag, mtoto wa shamba, aliwatazama wale tisa waliobaki gizani. Mwaka 1914 kampuni ilianza kuuza mashine yenye injini yake ndogo ya petroli. Injini hiyo ilikaa chini ya pipa na moshi wake ulitolewa nje ya nyumba kwa bomba refu. Mifano iliyofuata iliwashwa kwa kukanyaga pedali, ili mama aweze kuiwasha bila kumwita mume kutoka shambani.

Injini hizo zilifanya kazi kuliko zilivyokusudiwa. Nguo zikishafuliwa, watu walizifungua na kuzitumia kuendeshea vyombo vingine vidogo vya nyumbani na vya shambani, na watoto walijitengenezea nazo vigari vya kuchezea.

Si kila biashara ilimnyookea

Wanaosimulia maisha ya matajiri mara nyingi huruka hasara zao. Ya Maytag ilikuwa kubwa. Karibu na mwaka 1910 aliingia katika biashara ya magari, akatia fedha katika kampuni iliyokuwa ikitengeneza gari aina ya Mason. Gari hilo lilibuniwa na ndugu wa familia ya Duesenberg, ambao baadaye walipata umaarufu mkubwa kwa magari yao ya kifahari na ya mashindano. Kiwanda kilihamishiwa Waterloo, mji mwingine wa Iowa, na magari yakatoka na jina la Maytag. Gari lilikuwa zuri, biashara haikuwa nzuri. Haikupita miaka mingi akajitoa, akiwa amepoteza fedha nyingi.

Pigo la pili lilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakati wa vita mkulima wa Iowa alipata bei nono, akanunua ardhi na mashine kwa mkopo. Mwaka 1920 bei za mazao zilianza kuanguka vibaya. Mkulima akakosa fedha, na kila aliyemtegemea mkulima akaanguka naye: mwenye duka, benki, mwenye kiwanda. Kufikia mwaka 1921 kampuni ya Maytag ilikuwa katika hali mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amepita umri wa miaka 60 na alikuwa ameanza kuwaachia wanawe uongozi wa kila siku.

Pipa la alumini

Kilichoiokoa kampuni ni mambo mawili yaliyotoka katika karakana yake yenyewe. La kwanza ni pipa la alumini, lililopatikana mwaka 1919. Pipa la mbao huvuja likikauka na huoza likilowa. Alumini haifanyi hivyo. Wataalamu walikuwa wameonya kwamba pipa kubwa namna hiyo haliwezi kumiminwa kwa kipande kimoja, lakini kampuni ilijenga tanuri zake yenyewe, ikajaribu hadi ikafaulu.

La pili ni wazo la Snyder mwaka 1922. Mashine nyingi za wakati huo zilizivuta au kuzisukuma nguo kwa kifaa kilichoshuka kutoka juu. Snyder alikigeuza, akakiweka chini ya pipa kikiwa na mabawa. Kilipozunguka huku na huku, maji ya sabuni ndiyo yaliyosukumwa kupenya katika nguo, badala ya nguo kusuguliwa na kuraruka. Mashine hiyo iliitwa Gyrofoam. Miaka mingi baadaye, mashine zinazojazwa kwa juu bado zilikuwa zikitumia wazo hilo.

Mzee Maytag hakubaki ofisini kusubiri taarifa. Akiwa na umri wa miaka 65 alitoka na mashine hiyo kwenda kuiuza mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya enzi za miganda. Njia ya kuiuza ilikuwa rahisi. Wakala aliipeleka nyumbani kwa mteja siku ya kufua, mama akafua nguo zake mwenyewe, tena zile chafu kuliko zote. Akiridhika, walikubaliana bei na namna ya kulipa. Asiporidhika, wakala aliichukua na kuondoka. Kwa kuwa mashine ilifanya kazi yake, nyingi hazikurudi.

Kampuni iliachana na bidhaa nyingine, vikiwamo vile vifaa vya kupura vilivyoianzisha, ikabaki na mashine za kufulia peke yake. Kufikia mwaka 1924, mashine moja kati ya tano zilizouzwa Marekani ilitoka kwa Maytag. Mwaka 1925 hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la New York. Mwaka 1927 kiwanda kilitimiza mashine milioni moja, na shehena zilikuwa zikiondoka Newton kwa treni nzima nzima.

Mji na bwana wake

Mwaka 1900 Newton ilikuwa na watu wasiofika 4,000. Mwaka 1930 walikuwa wamezidi 11,000. Maytag hakuwa peke yake. Kampuni nyingine, zikiwamo One Minute na Automatic, nazo zilitengeneza mashine za kufulia hapohapo, hata mji ukajiita makao makuu ya mashine za kufulia duniani. Vijana wa wakulima waliokosa ardhi hawakulazimika tena kukimbilia Chicago. Walipata mshahara kilomita chache kutoka nyumbani, na mishahara hiyo ikazunguka kwa muuza nyama, fundi viatu, mwenye duka la nguo na mwenye nyumba za kupangisha.

Maytag mwenyewe alishika pia mambo ya umma. Kuanzia mwaka 1902 alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Iowa kwa takriban miaka kumi. Alipata kuwa meya wa Newton, na mwaka 1925 aliwekwa kusimamia bajeti ya jimbo. Mwaka 1926 hoteli yenye jina lake ilifunguliwa katikati ya mji, na miaka ya 1930 mji ulipata bustani ya mapumziko yenye jina hilohilo.

Ukarimu huo ulikuwa na upande wake wa pili. Mtu aliyefanya kazi kwa Maytag, akalala katika nyumba iliyotegemea mshahara wa Maytag na kupumzika katika bustani ya Maytag, alikuwa na nafasi ndogo ya kubishana na Maytag. Chama cha wafanyakazi hakikuwa na nguvu kiwandani muda wote wa uhai wa mzee.

Frederick Maytag alifariki tarehe 26 Machi, 1937, huko California, akiwa na umri wa miaka 79. Mwili wake ulirudishwa Newton, na maelfu ya watu, wakiwamo wafanyakazi na mawakala kutoka mbali, walifika kumzika.

Mwaka uliofuata tu ndipo yaliyokuwa yamenyamazishwa yalipotoka nje. Mwezi Mei 1938, chini ya uongozi wa mwanawe Elmer, kampuni ilitaka kupunguza mishahara kwa asilimia 10. Wafanyakazi, sasa wakiwa na chama chao, waligoma. Mvutano uliendelea kwa miezi kadhaa, hadi gavana wa Iowa akapeleka askari wa jimbo Newton. Hatimaye wafanyakazi walirudi kazini huku mishahara ikiwa imekatwa, lakini chama chao hakikufa.

Msimu mmoja, kampuni moja

Kampuni iliendelea kukua kwa miongo mingi, na kwa muda mrefu jina la Maytag lilikuwa na maana ya mashine isiyoharibika. Lakini zile kampuni nyingine za Newton zilitoweka moja baada ya nyingine, na mji ukabaki na mwajiri mmoja mkubwa. Mwaka 2006 Maytag ilinunuliwa na mshindani wake, Whirlpool. Mwezi Oktoba 2007 kiwanda cha Newton kilifungwa, miaka 114 tangu wale watu wanne walipochanga dola 600 kila mmoja. Wengi walipoteza kazi katika mji wa watu wapatao 15,000 tu. Jina liliendelea kubandikwa kwenye mashine, lakini zikitengenezwa kwingine.

Newton haikufa. Tangu mwaka 2008 sehemu ya ujuzi wake wa chuma na viwanda iligeukia vifaa vya mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, mabawa yake na minara yake. Mji ulirudi palepale Maytag alipoanzia mwaka 1907, kutafuta cha kutengeneza kwa mikono iliyopo baada ya kazi ya zamani kwisha.

Kwa anayeanza biashara na mtaji mdogo, au anayeanza upya baada ya kupoteza, maisha ya Maytag yana mengi ya kuchukua. Alianza na bidhaa aliyomjua mtumiaji wake. Kasoro ilipotokea alimfuata mteja hadi shambani. Hakungoja msimu umkute mikono mitupu. Alipopata hasara katika jambo asilolijua, alilitoka. Kinachotakiwa kuongezwa ni kile ambacho historia ya Newton ilikifundisha baada yake: Maytag aliukomboa mji usitegemee msimu mmoja, na mji ukaja kutegemea kampuni moja. Anayeweka mzigo wake wote kwenye gari moja, hata liwe zima kiasi gani, heri aulize mapema siku litakapokwama atafanyaje.